Timu Yenu Hukwama Mdosi Akikosa? Cheki Venye Makochi wa Kenya Hujenga Mbogi Isiyovunjika

Jiulize hii swali kabla uendelee kusoma. Mdosi wako akizima simu leo asubuhi hadi Jumatatu ijayo, wera itaendelea ama itasimama?

Kama jibu ni "itasimama", hauko peke yako. Hii Nairobi imejaa maduka, saluni, studio, ofisi ndogo na hata chama ambapo kila kitu iko kwa kichwa ya mtu mmoja. Huyo mtu akishikwa na malaria, ama akipata job Dubai aondoke na notisi ya siku mbili, mnabaki mkiangaliana. Mteja anangoja. Hakuna anajua paswadi. Hakuna anajua ni nani anadaiwa. Wiki chache za hivyo na biashara inafunga, na wewe mwenye haukukosea kitu unarudi mtaani kutembeza CV.

Kwa hivyo usidhani hii ni story ya wadosi peke yao. Rent yako pia iko hapo ndani.

Mimi nilitoka chuo kabla nimalize, so sitakubongea lugha ya vitabu vya biashara. Lakini kuna watu hapa Kenya wamejenga timu ngumu kwa miaka mingi na dunia nzima imeona matokeo. Hao ni makochi.

Kuna kitu moja inafanya kochi awe mwalimu poa wa haya maneno: yeye ndiye mdosi haruhusiwi kushika kazi. Kipenga ikilia, hawezi kuingia kwa kiwanja adake mpira. Kila kitu anataka kufanya lazima awe amefanya kabla mechi ianze. Akimaliza hapo, anakaa kando aone kama watu wake wanaweza kujisimamia. Wadosi wengi hawajawahi jaribu hiyo mtihani hata siku moja.

1. Amueni mapema ni nani anaamua nini

Chukua ragbi ya wachezaji saba. Mechi ni dakika 14 pekee: saba, mapumziko yasiyozidi dakika mbili, halafu saba zingine. Kochi hana nafasi ya kusimamisha mchezo aite watu kikao. Ukiangusha mpira, Mfiji ashafika kwa laini kabla umalize kutafuta wa kulaumu.

Aprili 17, 2016, huko Singapore, Shujaa wetu walichapa Fiji 30-7 kwa fainali. Ilikuwa mara ya kwanza Kenya kubeba kombe kuu la World Series. Kochi alikuwa marehemu Benjamin Ayimba, kepteni Andrew Amonde. Na Fiji hawakuwa watu wa mchezo: miezi minne baadaye walibeba dhahabu ya Olimpiki Rio.

Sasa fikiria hiyo fainali kama wachezaji wangekuwa wanangoja Ayimba awaambie kila kitu. "Kochi, nipige pasi?" "Kochi, nimshike huyu ama nimwache?" Wangefungwa hamsini. Kwa huu mchezo, mambo hupangwa kwa mazoezi: nani anaingia kukaba, nani anabaki pembeni, nafasi ikifunguka ni nani anakimbia. Mechi ikianza, mwenye mpira ndiye anaamua, na wenzake wanajua wamfuate wapi.

Leta hiyo kwa duka ya simu Luthuli. Mteja amerudisha chaja imekataa kufanya. Chaja ni soo tano. Msee wa kaunta anapigia mdosi, mdosi yuko kwa mat na kelele, hasikii. Mteja anasimama hapo dakika ishirini, anaanza kupandisha sauti, watu wa nje wanasikia na wanapita. Mmepoteza wateja wanne juu ya chaja moja.

Dawa yake haina gharama. Mnakaa chini siku moja mnaandika: kitu ya chini ya thao moja, mtu wa kaunta anabadilisha bila kuuliza mtu, bora aandike kwa kitabu. Ikipita hapo, anauliza fulani. Fulani asiposhika simu, anauliza fulani wa pili. Basi. Mdosi anaweza kuzima simu na duka iendelee kuuza.

2. Star pia aoshe choo

Twende Kaptagat, hapo karibu na Eldoret. Huko ndiko kuna kambi ya Patrick Sang. Huyu jamaa mwenyewe alikuwa mkimbiaji, alibeba silver ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa Olimpiki ya Barcelona 1992. Lakini wengi wetu tunamjua kama kochi wa Eliud Kipchoge.

Kambi yenyewe si hoteli. Ni vyumba vya kawaida, maisha ya kawaida, na ratiba ya kazi za nyumbani. Kipchoge, mwenye dhahabu mbili za marathon za Olimpiki, mtu wa kwanza kumaliza kilomita 42 na ushee chini ya masaa mawili (1:59:40, Vienna, Oktoba 2019), ako kwa hiyo ratiba. Zamu yake ya kuosha choo ikifika, anaosha.

Usichukulie hiyo kama story ya unyenyekevu ya kuweka kwa status. Kuna akili hapo ndani. Kwa kila timu kuna mtu analeta pesa kushinda wengine. Ukimwambia sheria hazimguzi, unafundisha kila mtu kwamba sheria ni za wanyonge. Chipukizi anaanza kuona kazi ndogo ni aibu. Na siku huyo star akianguka, hakuna anamshika, juu alikuwa amejitenga kitambo.

Unajua huyo mtu kwa ofisi yenu. Yeye ndiye anauza sana, so anaingia saa nne, anatusi dada wa usafi, kikombe yake inaoshwa na wengine. Mdosi anamwangalia tu juu anaogopa kupoteza mauzo. Hapo watu wanne wazuri wako tayari kwa WhatsApp wakitafuta job kwingine. Hesabu hiyo pia.

Na tena, hata hiyo mbio ya Vienna haikuwa ya mtu mmoja. Wakimbiaji 41 walipokezana kumkatia upepo na kushika kasi. Kati yao kulikuwa na mabingwa wa dunia na Olimpiki, watu wenye majina yao. Siku hiyo kazi yao ilikuwa kukimbia kipande chao, kutoka, na kuachia wengine. Timu ngumu iko hivyo. Watu wanajua kuingia kwa zamu, na pia wanajua kutoka.

3. Andika. Kichwa si kabati

Kipchoge huandika mazoezi yake kwa daftari, na amekuwa akifanya hivyo kwa miaka mingi: alikimbia nini, muda gani, mwili ulisikiaje. Sasa jiulize, kama mtu wa miguu ya aina hiyo haamini kichwa yake pekee, wewe unaamini yako juu ya nini?

Kwa kazi, vitu hazijaandikwa ndizo huua timu. Bei ya yule mteja wa zamani. Fundi wa printa. Ni siku gani ya mwezi KRA inataka karatasi zao. Akaunti ya Instagram ya biashara imefunguliwa na namba ya nani. Hiyo ya mwisho imemaliza watu wengi: kijana wa kupost anatoka na ubaya, namba ilikuwa yake, ukurasa wenye wafuasi maelfu unaenda naye.

Nunua daftari ya bob hamsini ama mfungue faili moja kwa simu ambayo wawili wenu mnaweza kuingia. Kila mtu aandike kazi yake venye angemfundisha mgeni. Halafu mara moja kwa mwezi mbadilishane: wa kaunta akae stoo, wa stoo akae kaunta. Mtagundua mashimo siku ya kawaida, si siku ya ngori.

4. Cheki mtu kwanza, ndio umpangie

Mwaka wa 1976 kuna mwalimu alitoka Ireland akaja kufunza jografia St Patrick's, Iten. Anaitwa Brother Colm O'Connell. Hakuwa amesomea ukochi wa riadha. So alifanya kitu yenye watu wenye vyeti hushindwa kufanya: aliangalia, akauliza, akasikiza wanafunzi wenyewe. Mikononi mwake wametoka mabingwa kibao, kuanzia Peter Rono aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 Olimpiki ya Seoul 1988.

Halafu kukaja David Rudisha. Babake, Daniel, alibeba silver ya kupokezana 4x400 huko Mexico 1968, na kijana pia alianza na 400. Kochi akamcheki, akaona miguu hiyo iko na mita zaidi, akamsukuma kwa 800. Agosti 2012, London, Rudisha alikaa mbele tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya 1:40.91.

Sasa angalia wera yenu. Kuna mdada mpole amewekwa kushika simu za wateja wenye hasira, na hesabu anazipenda kama chapo. Kuna kijana mdomo moto amefungiwa stoo kuhesabu maboksi. Wote wawili mdosi anasema ni wavivu. Labda wako kwa mbio isiyo yao. Kabla umfukuze mtu, muulize maswali mawili: sehemu gani ya hii kazi huisha bila wewe kuangalia saa? Na gani inakumaliza? Majibu yatakuokolea pesa ya kutafuta mtu mwingine na miezi ya kumfunza.

5. Mtu akirudi, mpe njia ya kurudi

Faith Kipyegon alishinda dhahabu ya 1,500 Rio 2016. Akajifungua mtoto wake 2018. Kuna watu walikuwa washafunga kitabu, wanasema mambo yake imeisha. Alirudi, akawa anafanya mazoezi na kundi la Sang. Mwaka wa 2019 huko Doha alipata silver ya dunia. Tokyo, dhahabu. Halafu mwaka wa 2023, ndani ya wiki saba, akavunja rekodi ya dunia ya 1,500, ya mita 5,000 na ya maili. Paris 2024, dhahabu ingine ya 1,500.

Tazama mpangilio: alirudi, akapata silver, ndio dhahabu, ndio rekodi. Hakuna mahali alidaiwa rekodi wiki ya kwanza.

Kwa hii Kenya yetu, mama akitoka maternity anapata dawati yake imepewa mtu mwingine. Ama anapewa kazi ya watu wawili "aprove" bado anaweza. Kwanza, sheria iko upande wake: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa miezi mitatu na mshahara kamili, na haki ya kurudi kwa kazi yake, ama ingine inayomfaa isiyo mbaya kuliko ile. Pili, hata ukiweka sheria kando, ni hasara. Huyo mtu anajua wateja, anajua mfumo, anajua mahali maiti zimezikwa. Mpe wiki kadhaa za kupasha misuli. Hiyo pia ni kwa msee ametoka kwa ajali, aliyefiwa, ama aliyepitia mambo mazito kichwani.

6. Mkichapwa, rudieni mechi, si mtu

Mei 2023, London. Shujaa wanapoteza 12-7 kwa Canada na kushuka daraja. Zaidi ya miaka 20 kwa ile ligi ya wakubwa, imeisha hivyo. Mtandaoni tulifanya yetu, kila mtu akawa kochi.

Lakini cheki kilichofuata. Septemba hiyo hiyo, chini ya kochi Kevin Wambua, walienda Harare wakachapa Afrika Kusini 17-12 kwa fainali ya Afrika na kujikatia tiketi ya Olimpiki ya Paris. Juni 2024, Madrid, wakapiga Ujerumani 33-15 na kurudi kwa ligi kuu. Mwaka mmoja tu, kutoka kwa kilio hadi kwa mlango.

Timu za ragbi zikipoteza huwa zinakaa chini na video. Video haina mdomo. Inaonyesha dakika ya tano tulikuwa tumesimama wapi, pengo lilifunguka wapi. Ni ngumu kumlaumu mtu mmoja ukiona watatu kabla yake walikuwa wamechelewa.

Kwa kazi mnaweza kufanya hivyo bila video. Order imeharibika, mteja ameenda na hasira. Kesho yake, dakika kumi na tano, maswali matatu: Tulipanga nini ifanyike? Nini ilifanyika, hatua kwa hatua? Tubadilishe kitu gani moja kabla wiki ijayo? Hakuna kutaja tabia ya mtu. "Brayo ni mzembe" si jibu, juu huwezi kuirekebisha Jumatatu. "Order ya simu haikuandikwa popote" ni jibu. Hiyo unarekebisha na daftari tuliyobonga juu yake.

Mdosi akiwa hapo aanze na yake. Akisema "mimi nilikubali kazi nikijua tuko wachache", wengine watafungua mdomo. Akianza na kunyoosha kidole, watu watajifunza kuficha. Na timu inayoficha makosa hujua ugonjwa siku ya matanga.

7. Ngumu haimaanishi kuteswa

Hapa lazima tuongee ukweli. Kuna wadosi wakisikia "timu ngumu kama wanariadha" wanafurahi vibaya. Wanaona mtu wa kulala ofisini, kufanya Jumapili bila kulipwa, na kuambiwa "sisi ni familia hapa".

Hao hawajaenda Kaptagat. Mkimbiaji wa kweli ana siku ngumu na siku nyepesi. Baada ya mbio kali anakimbia polepole, anakula, analala hata mchana. Hakuna kochi ana akili anakimbiza mtu marathon kila siku, juu anajua mwili hujijenga ukipumzika. Ukikata mapumziko unapata majeruhi, hakuna muujiza hapo.

Sheria pia imesema. Ile ile ya 2007 inakupa angalau siku moja ya kupumzika kwa kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi, na malipo, kila ukimaliza miezi 12. Hizo si zawadi za mdosi mpole. Ukinyimwa leave halafu uitwe "mwanatimu", jua unatumiwa.

Na kochi wa kupiga kelele? Dakika saba ni fupi, nusu yake ikiisha kwa matusi, watu watacheza wakimwangalia yeye badala ya mpira. Ofisini ni vile vile. Mtu anayeogopa mdosi anafanya kazi ya kumfurahisha mdosi. Mteja anabaki nje.

8. Na kama wewe si mdosi?

Najua wengi wenu mnasoma hii kwa basi mkienda kwa kazi ya mtu. Usingoje cheo. Ayimba hakudaka pasi hata moja Singapore. Walioshika mpira ni wachezaji.

Wiki hii fanya vitu vitatu. Jumatatu, andika kazi yako kwa ukurasa mmoja, venye mtu mwingine angeifanya ukilazwa. Jumatano, omba mwenzako mmoja akufunze kitu moja ya kwake, na wewe umfunze moja ya kwako. Ijumaa, muulize mdosi kwa heshima: "Bosi, vitu kama hivi vikitokea na hauko, niamue ama ningoje?" Mpe mfano halisi, ile chaja ya soo tano. Akikubali, iandike mahali wote mnaona.

Akikataa kabisa, akitaka kila kitu ipitie kwake hadi bei ya stapla, basi ushajua unafanyia kazi timu ya aina gani. Kaa hapo ukijifunza, weka akiba, lakini CV yako iwe tayari. Siku huyo mdosi atakosa, hiyo duka haitacheza hata dakika moja.